Safari ya gofu Uskoti wiki moja: pwani na bara, kambi moja. Wakuu karibuni tupange

Mzee wa Feawei

Habari za muda huu wakuu.

Tuko wanane, wote wachezaji wa ridhaa, handikapu (mikwaju ya msaada anayopewa mchezaji; namba ikiwa kubwa, mchezo ni dhaifu) kuanzia 7 hadi jamaa mmoja mwenye 31 ambaye anajivunia. Tunataka kwenda Uskoti kwa wiki moja, Jumamosi hadi Jumamosi. Kazi ya kupanga nimetwishwa mimi, na tangu siku hiyo kila mtu ananirushia orodha yake. Huyu anataka Turnberry akapige picha na mnara wa taa. Yule anataka Royal Dornoch kwa sababu ndiko alikozaliwa Donald Ross mwaka 1872, yule aliyehamia Marekani akachora Pinehurst No. 2. Mwingine hasikii wala haambiwi, ni Old Course ya St Andrews tu. Na yupo anayesema tukishafika tuvuke maji twende Royal County Down kule Ayalandi ya Kaskazini, eti "si hapo tu".

Si hapo tu. Turnberry iko kusini magharibi, Dornoch iko kaskazini kupita Inverness, na kutoka huku hadi kule ni zaidi ya saa tano barabarani bila kusimama. Tukifuata orodha za wote tutapata wiki ya kuendesha gari yenye gofu kidogo katikati.

Pendekezo langu: tupige kambi sehemu moja, Fife, pwani ya mashariki. Tunapanga nyumba St Andrews au kijiji cha jirani, mabegi yanafunguliwa mara moja, asubuhi tunatoka, jioni tunarudi. Pale pale mjini kuna viwanja saba vya umma chini ya usimamizi mmoja. Old Course ndiyo kila mtu anaijua, lakini pembeni yake kuna New Course, ambayo "upya" wake ni wa mwaka 1895, kuna Jubilee, Eden, na Castle Course iliyo juu ya genge la bahari. Ukishuka na pwani kwa gari unakuta Kingsbarns, uwanja wa mwaka 2000 ambao karibu kila shimo unaiona bahari, halafu Crail ambako chama chao cha gofu kipo tangu 1786, halafu Elie. Ukivuka daraja la Tay upande wa Dundee, dakika kama arobaini uko Carnoustie.

Na kwa wale wanaotaka mandhari ya bara, Ladybank iko ndani ya Fife hiyo hiyo, tambarare, katikati ya misonobari na vile vichaka vifupi vya maua ya zambarau. Mwendo wa saa moja hivi kuelekea milimani kuna Blairgowrie na Gleneagles.

Kwa hiyo pwani ipo, bara ipo, na hakuna siku ya kukaa garini mpaka miguu ife ganzi. Naomba mawazo, hasa kuhusu Old Course, maana hapo ndipo kundi linapotaka kugawanyika.

---

Banka la Tatu

Nakaa hapa na kiti changu. Endeleeni.

---

Kedi Mstaafu

Mzee wa Feawei, mpango wako nauunga mkono. Ila kwenye Old Course ngoja nikupe ukweli ambao wapangaji wengi hawausemi mapema.

Njia ya kawaida ya mgeni ni droo. Mnaingiza majina siku mbili kabla ya siku ya kucheza, kabla ya saa nane mchana, mkiwa wawili hadi wanne. Jumapili uwanja umefungwa kwa gofu, unageuka bustani ya watu kutembeza mbwa na watoto, isipokuwa kukiwa na mashindano makubwa. Maana yake kwa wiki yenu mna nafasi za kujaribu Jumatatu hadi Ijumaa.

Sasa shika hili: kundi moja kwenye droo halizidi watu wanne. Ninyi mko wanane. Inawezekana kabisa wanne wa kwanza wakatoka na wanne wa pili wakakosa wiki nzima. Nimeona urafiki wa miaka mingi ukipata ufa kwa jambo hili. Wale waliocheza wanarudi jioni wanasimulia kile kidaraja maarufu cha Old Course, Swilcan, na wale wengine wako mezani wanaangalia simu.

Kubalianeni kabla ya safari. Ama kundi likipata peke yake linacheza bila kununiwa, ama kila siku mnabadilisha majina ili nafasi izunguke. Lolote mtakaloamua liandikwe kwenye grupu ambako kila mtu atalisoma.

Na msiijengee safari juu ya droo. Fungeni kwanza tarehe za viwanja vingine vyote, Old Course ikitokea ni neema. Kuna makampuni yaliyoidhinishwa yanayouza muda wa uhakika pamoja na malazi, lakini hapo mnanunua kifurushi kizima na bei yake inalingana na huo uhakika.

Mwenye safari ya peke yake ana mlango mwingine. Tangu 2024 anajiandikisha mwenyewe ana kwa ana siku moja kabla, halafu inachezeshwa droo ya kujaza nafasi kwenye makundi yaliyopungua. Zamani watu walilala nje kwenye foleni. Hiyo imekwisha.

---

Fimbo14

Mimi ni mmoja wa wale wanane, na naona mwenzetu ameshaanza kampeni hadharani 😂

Wakuu, mtu unajikusanya, unaomba likizo, unapanda ndege mbili, halafu unaambiwa ukacheze Ladybank? Nani amewahi kuisikia Ladybank? Mimi nataka viwanja ambavyo nimeviona kwenye televisheni. Carnoustie nakubali, pale ndipo Mfaransa Jean van de Velde mwaka 1999, kwenye Open (yale mashindano makubwa ya Uingereza), alifika shimo la mwisho akiongoza kwa mikwaju mitatu, akaishia kukunja suruali kwenye kijito cha Barry Burn. Hiyo ni historia. Turnberry ni historia. Misonobari naweza kuiona popote.

---

Binti Weji

Kaka Fimbo14, kwa heshima zote, umeongea kama mtu ambaye hajawahi kucheza siku nne mfululizo kwenye upepo wa bahari.

Siku ya kwanza unafurahi. Siku ya pili unajifunza. Siku ya tatu uso umeungua kwa upepo, kila mpira unaoupiga juu unarudi kama umefungwa kamba, na mabega yamekaza kwa sababu mwili mzima unapambana kusimama tu. Hapo ndipo uwanja wa bara unapokuja na thamani yake. Miti inakata upepo, unasikia tena sauti ya mpira ukigongwa katikati ya fimbo, unarudi kuwa mchezaji wa kawaida. Ukirejea baharini kesho yake una nguvu mpya.

Tena Ladybank si uwanja wa kudharau. Mashimo yake sita ya mwanzo yalichorwa na Old Tom Morris mwaka 1879, na umetumika kwa mchujo wa kuingia kwenye Open. Blairgowrie nako, uwanja wa Rosemount, ndiko Greg Norman alikoshinda taji lake la kwanza Ulaya mwaka 1977. Kama shida yako ni historia, ipo, ila haina kamera.

Na udongo ni ndugu. Hii watu hawaijui. Viwanja vya linksi vya pwani vimekaa kwenye mchanga ulioachwa na bahari, na vile vya bara vyenye maua ya zambarau vimekaa kwenye mchanga pia. Ndiyo maana maji yanazama haraka, nyasi zinakuwa fupi na ngumu, mpira unatua na kukimbia. Ukivichanganya hivi viwili hubadilishi mchezo, unabadilisha hali ya hewa na macho tu. Ungechanganya linksi na uwanja wa udongo mzito wa mfinyanzi ningekuelewa ukilalamika.

Mzee wa Feawei, siku ya bara iweke Jumapili. Old Course imefungwa, kwa hiyo hakuna atakayesema amekoseshwa droo. Waulizeni mapema kama wanapokea wageni siku hiyo na saa ngapi, maana klabu nyingi za wanachama zinawaachia wageni masaa maalumu.

---

Mzee wa Feawei

Dada umenifungulia fundo. Jumapili bara, imepita.

Fimbo14, Carnoustie unaipata. Turnberry hapana, na ukiendelea utalala chumba kimoja na yule anayekoroma.

---

Upepo wa Kusi

Mmeshaamua mwezi? Hilo ndilo la kwanza, kabla hata ya viwanja.

Mei na Juni ndiyo chaguo langu. Mwanga hauishi. Juni huko jua linazama kwenye saa nne usiku, na kabla ya saa kumi na moja alfajiri limeshachomoza. Mnaweza kumaliza raundi, mkapumzika, na mkaanza nyingine jioni. Mei vichaka vya miiba vinatoa maua ya njano, mazuri kweli kweli, lakini mpira ukiingia humo usahau. Tangu 2019 sheria inakupa dakika tatu za kutafuta, siyo tano kama zamani, na humo ndani hata ukipewa kutwa nzima utaambulia mikwaruzo.

Maua ya zambarau ya bara ni Agosti. Anayefuata picha za bara aende Agosti, ajue tu kwamba ndiyo wakati viwanja vinajaa wageni.

Mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba muwe macho. Kuna mashindano ya Alfred Dunhill Links yanayochezwa St Andrews, Carnoustie na Kingsbarns kwa pamoja. Wiki hiyo viwanja vitatu kwenye orodha yenu vinakuwa vya wenyewe. Na kama mnafikiria kwenda 2027, Open inarudi St Andrews Julai ya mwaka huo, kwa hiyo kiangazi chote nyumba na nafasi zitakuwa za kupigania.

Baridi msithubutu. Novemba hadi Machi pale Old Course unatembea na kimkeka, mpira ukiwa kwenye feawei (ile njia ya nyasi fupi ya kuelekea shimo) unauweka juu yake ndipo upige, ili nyasi zisichimbwe. Safari yote hiyo ukapigie juu ya mkeka?

Jambo moja la pwani ya mashariki: upepo ukitoka baharini unaleta ukungu mzito, mchana wa kiangazi kabisa. Kilomita kumi bara jua linawaka, ninyi kwenye grini (zile nyasi laini zenye shimo) hamwoni bendera. Mkiamka hivyo, siku ya uwanja wa bara na siku ya pwani zibadilishane kama nafasi ipo. Hiyo nayo ni faida ya kambi moja.

---

Mgeni wa Grini

Samahani wakuu, mimi ndiye huyo wa 31 🙈. Naogopa kuwaharibia watu safari. Je, hawatanikataa? Na tutashindanaje mimi na mtu wa 7?

---

Kedi Mstaafu

Mgeni wa Grini, karibu sana, hakuna wa kukuharibia. Viwanja vikubwa vinataka uthibitisho wa handikapu kutoka klabu yako, na baadhi vina ukomo. Angalia ukomo wa kila uwanja kabla Mzee hajalipa, uchapishe cheti chako, ukiweke na pasipoti. Usitegemee kufungua programu kwenye simu huku anayeita makundi anakusubiri.

Kuhusu kushindana, mfumo wa dunia nzima ulioanza 2020 umeshalitatua hilo. Kila uwanja una namba yake ya Slopu, yaani kipimo cha ugumu wake, kati ya 55 na 155, na wa wastani ni 113. Unachukua handikapu yako, unazidisha kwa Slopu ya uwanja, unagawa kwa 113, halafu unarekebisha kwa tofauti ya kipimo cha uwanja na mikwaju yake ya kawaida. Mwenye 18 akienda kwenye Slopu ya 135 anapata kama mikwaju 21 au 22 kabla ya marekebisho hayo. Kwa hiyo mikwaju yako inabadilika uwanja hadi uwanja, na mtu asije akakuambia "wewe ni 31, basi". Jedwali huwa limebandikwa karibu na pa kuanzia.

Chezeni Stableford. Aliyeibuni ni daktari, Frank Stableford, na mashindano ya kwanza kwa mfumo huo yalichezwa Wallasey, Uingereza, mwaka 1932. Unapata pointi kwa kila shimo: ukifikia mikwaju ya kawaida ya shimo hilo baada ya kuhesabu msaada wako ni 2, ukizidisha mkwaju mmoja ni 1, ukizidisha miwili hupati kitu. Uzuri wake ni huo wa mwisho. Shimo likikushinda unaokota mpira, unaweka mfukoni, unatembea. Hakuna anayekusubiri ukipiga wa kumi na moja.

---

Mama Kundi

Jamani mimi sichezi. Mume wangu ni mmoja wa hao wanane na ameniambia "utapenda tu". Nitapenda nini hasa, kusimama kwenye upepo?

---

Binti Weji

Mama, mumeo hajakudanganya sana.

St Andrews ni mji wa kutembea kwa miguu. Kuna magofu ya kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1158, yako juu ya bahari, na ufuko mrefu wa West Sands unaanzia pale pale kwenye viwanja. Kuna njia ya miguu ya pwani ya Fife, urefu wake wote ni kilomita 187, wewe unachukua kipande cha Crail hadi Anstruther asubuhi moja na inatosha.

Lakini kitu nitakachokusisitizia ni Himalayas. Ni uwanja wa "pata" tu, yaani kuviringisha mpira chini hadi shimoni, pembeni ya Old Course, nyasi zimekaa mabonde na vilima kama bahari iliyogandishwa. Ulianzishwa na klabu ya wanawake mwaka 1867, na mtu yeyote anaruhusiwa kucheza kwa ada ndogo. Hakuna handikapu, hakuna mavazi maalumu. Unapewa pata, fimbo ya kazi hiyo, na mpira, unagonga mpira unapanda kilima, unafika juu, unasita, unarudi miguuni kwako. Wale wanane watakuja pale jioni na kiburi chao chote na utawafunga.

---

Mama Kundi

Hapo sasa tunaongea. Nimemwonyesha, amenyamaza.

---

Atlantiki

Mimi nimekuja kuharibu. Wakuu, mbona hakuna anayeitaja Ayalandi? Mkitaka matuta ya mchanga yenye ukubwa wa nyumba za ghorofa, mawimbi ya kweli na watu wanaopenda mgeni, pwani ya magharibi ya Ayalandi haina mpinzani.

Lahinch, klabu ya mwaka 1892. Shimo la tano linaitwa Dell, la mikwaju mitatu, na grini huioni kabisa, imelala katikati ya matuta. Kuna jiwe jeupe juu ya tuta linalosogezwa kila siku kukuonyesha bendera iko upande gani. Unalenga jiwe, unapiga, unapanda kilima huku moyo unadunda. Na mbuzi wako uwanjani; wakikaa karibu na jengo la klabu, wenyeji wanakuambia mvua inakuja. Ballybunion nako shimo la kwanza kulia kwako ni makaburi, ukipindisha mpira unajua ulikoenda. Kati ya viwanja hivi viwili unavuka mto Shannon kwa kivuko cha magari, Killimer hadi Tarbert, dakika ishirini tu. Kambi moja pia.

Fikirieni.

---

Mzee wa Feawei

Atlantiki umenitesa. Dell naiota sasa hivi.

Ila kuna jambo la karatasi. Anayehitaji viza, ya Uingereza na ya Jamhuri ya Ayalandi ni vitu viwili tofauti. Royal Portrush na Royal County Down ziko Ayalandi ya Kaskazini, hiyo ni Uingereza, kwa hiyo viza moja na Uskoti. Lahinch na Ballybunion ziko kwenye Jamhuri. Mpakani kule hakuna kizuizi cha barabarani, ndiyo maana watu wanajisahau, lakini kutozuiwa siyo kuruhusiwa. Kuchanganya nchi hizo mbili kwa wiki moja ni maombi mawili ya viza kwa watu wanane. Mimi siyawezi. Ayalandi tuifanyie safari yake.

---

Ndoto ya Pebble

Na Pebble Beach?

---

Upepo wa Kusi

Mkuu, Pebble ni ya umma, lakini anayepata nafasi mapema ni aliyelala kwenye hoteli zao. Wengine mnasubiri saa 24 kabla muone kama kuna kilichobaki. Shimo la saba lina kama mita 97 tu na bahari pande tatu. Safi sana, ila ni bara jingine na uzi mwingine. Ukienda upande huo usiisahau Bandon Dunes kule Oregon, ilifunguliwa 1999 na ni ya kutembea kwa miguu tu, hakuna vigari.

---

Banka la Tatu

Nimekaa kimya muda mrefu, niseme la mizigo maana hapo watu hulia uwanja wa ndege.

Begi la gofu lipimwe nyumbani. Mashirika mengi yanaishia kilo 23 kwa mzigo mmoja, na begi lenye fimbo 14, viatu, koti la mvua na mipira ya kutosha linafika hapo bila wewe kujua. Kichwa cha dreva (ile fimbo ndefu ya kupigia mbali) kifunguliwe kama kinafunguka, kifungwe kwenye soksi nene. Wekeni fimbo imara iliyo ndefu kuliko dreva katikati ya begi, ili begi likitupwa kichwa chini, pigo lichukuliwe na hiyo.

Mwenye kitoroli cha umeme: betri ya lithiamu inapanda nawe ndani ya ndege, haiingii kwenye mzigo wa chini. Ikiwa kati ya Wh (wati-saa, kipimo cha betri) 100 na 160 inahitaji idhini ya shirika kabla. Soma namba iliyoandikwa ubavuni mwa betri. Kifaa cha kupimia umbali nacho kwenye begi la mkononi.

Gari. Watu wanane na mabegi nane ya gofu na mabegi nane ya nguo. Kwenye tovuti ya kukodisha wanasema "viti tisa", hawakuambii kwamba viti vyote vikikaliwa nyuma panabaki nafasi ya mwavuli. Chukueni magari mawili makubwa, wanne wanne. Itasaidia pia siku kundi moja likipata droo na jingine linaenda kwingine. Wanaendesha kushoto. Treni nayo ipo, lakini St Andrews haina stesheni, mnashuka Leuchars, na mabegi nane kwenye treni ni vita.

Nguo: koti la mvua la kweli, glavu mbili za mvua (zile zinazoshika zaidi zikilowa), kofia ya sufi hata Juni. Joto la mchana ni nyuzi 15 hadi 18, upepo ukija unahisi chini ya hapo.

---

Kedi Mstaafu

Nakazia, na niongeze la uchezaji, maana mtafika na mchezo wa nyumbani.

Acheni weji ya nyuzi 60 (fimbo ya kuinua mpira juu) ilale kwenye begi. Ardhi ya linksi ni ngumu na nyasi zimenyolewa, fimbo hiyo inadunda chini na mpira unaruka kupita grini. Mkiwa mita ishirini, hata thelathini nje ya grini, na njia ni safi, chukueni pata. Mgeni anaona aibu, anadhani pata ni ya juu ya grini tu. Hebu muangalieni mwenyeji wa miaka sabini: anasimama, anatazama mteremko, anagonga mpira kwa nguvu kidogo kuliko unavyotegemea, unaondoka ukiyumba, unashuka kwenye kibonde, unapanda, unasimama hatua mbili kutoka shimo. Yeye ameshaanza kutembea.

Upepo wa usoni: chukua fimbo kubwa kwa namba mbili au tatu, shika chini kidogo, piga taratibu. Ukipiga kwa nguvu mpira unazunguka zaidi na kupanda, na upepo unakula kila kitu.

Mabanka (mitego ya mchanga) ya kule ni mashimo yenye kuta. Ukiingia, wazo la kwanza ni kutoka, hata kwa kurudi nyuma. Hell Bunker la shimo la 14 Old Course siyo mahali pa kuonyesha ujasiri. Na shimo la 17, ile barabara na ukuta nyuma ya grini ni sehemu ya uwanja. Mpira ukikaa barabarani unapiga kutoka barabarani.

Old Course chukueni kedi (mbeba fimbo anayeujua uwanja), angalau mmoja kwa kundi, mumwombe mapema. Grini saba ni za mashimo mawili mawili, feawei zimeungana, mnaweza kulenga bendera ya shimo la wenzenu bila kujua. Kujumlisha namba kunasaidia: mashimo yanayogawana grini jumla yake ni 18, la pili na la 16, la tatu na la 15, hivyo hivyo.

---

Fimbo14

Sawa, nimeelewa somo. Elie kuna nini?

---

Kedi Mstaafu

Elie shimo la kwanza unapiga kupita kilima, huoni upande wa pili. Kwenye kibanda cha anayeita makundi wameweka periskopu ya manowari, HMS Excalibur. Anachungulia, akiona waliotangulia wamesogea anakuambia "piga". Na hakuna shimo hata moja la mikwaju mitano, 16 ni ya minne na mawili ni ya mitatu. Mpenzi wa kuvuta dreva mwisho wa nguvu atanyooka.

---

Mzee wa Feawei

Basi wakuu, hivi ndivyo ninavyolipeleka kwenye grupu. Mwanzo wa Juni. Jumamosi kufika na kwenda Himalayas na Mama Kundi. Jumapili Blairgowrie. Jumatatu hadi Ijumaa tunaingiza majina kila siku inapowezekana, na raundi za uhakika ni New Course, Crail, Elie, Carnoustie, na Kingsbarns kama mifuko itaruhusu. Siku za jirani na mji, raundi zetu naziweka mchana, ili droo ikituangukia asubuhi tucheze zote mbili, mwanga upo. Carnoustie siku yake hatuingii droo.

La pesa: klabu nyingi zinataka malipo ya awali ambayo hayarudi. Kwa hiyo kila mtu analipa sehemu yake kabla sijabonyeza chochote, na anayejitoa baadaye anatafuta mtu wa kukaa nafasi yake, au pesa imekwenda. Sitaki kusikia "nitakurushia mwisho wa mwezi".

Na majina ya droo yatazunguka, siyo wanne walewale kila siku.

---

Mgeni wa Grini

Mimi nimeshalipa. Cheti cha handikapu nimeomba leo.

---

Fimbo14

Nalipa Ijumaa. Na nataka kujua kabla ya hapo ni nani nalala naye chumba kimoja.